Mkoba wa Mama Kwenye Droo ya Chini

Usiku ule nililala kwenye ukingo wa kitanda changu mwenyewe, kama mgeni, kwa sababu sehemu kubwa ya kitanda ilikuwa imelaliwa na mikoba.

Aliyesababisha ni mwanangu Salma. Alikuja mchana kunisalimia, akafungua kabati langu kutafuta mtandio wa kuswalia, na mlango ukamshinda kuufunga tena. Akisukuma huku, kule unatoka mkono wa dera. Akirudisha dera, unaanguka mkoba. Akasimama mikono kiunoni, akanitazama utadhani mimi ndiye mtoto.

"Mama, hili si kabati. Hii ni stoo ya mtumba."

"Akiba haiozi," nikamwambia.

"Inaoza, mama. Tazama." Akanionyesha pochi yangu nyeusi ya ngozi ya bandia. Ilikuwa imechunika yote, ikamwachia magamba viganjani.

Tukatoa kila kitu. Nisiseme uongo, nilifurahi. Mimi na mikoba, jamani, tumependana tangu zamani! Upo wa bluu wenye mnyororo, niliubeba kwenye harusi ya Salma huyu huyu. Upo wa ukili, nilisukiwa na bibi mmoja wa Pangani ambaye alinifokea kwa kumharakisha. Upo mwekundu ambao sijaubeba hata siku moja, kwa kuwa nausubiria siku inayoustahili. Ofisini wananiita Mama Mikoba na sikasiriki. Kila nilioushika ulinikumbusha nilivaa nini siku ile, nani alinisifu na nani alinuna. Salma akatenga mafungu mawili, la kubaki na la kutoa. Fungu la kutoa lilikuwa na mikoba mitatu tu, na mmoja nikaurudisha alipokwenda chooni.

Ila kabati lile lina droo ya chini. Salma alipoinama kuivuta nilimwambia imekwama, tena siku nyingi, aiache. Akaiacha. Jioni akaenda zake, na mimi nikajibana pembeni nikalala.

Afadhali niseme mapema kilichomo kwenye droo hiyo, maana bila hicho ndoto yenyewe haieleweki. Mama yetu alifariki miaka sita iliyopita. Katika maisha yake yote ninayoyakumbuka alikuwa na mkoba mmoja tu, wa ngozi ya kahawia, wenye kibanio cha shaba kinacholia tak! ukikifunga. Kwetu nguo za marehemu hugawiwa siku ya arobaini. Unatandikwa mkeka uani, wanawake wa ukoo wanakaa kuuzunguka, na mkubwa wao anafungua masanduku. Anataja jina, anakuwekea kitu mikononi, kanga hii, baibui lile, mpaka cha mwisho. Kisha anauliza mara tatu, "Kuna kilichobaki?" Wote wakijibu mara tatu kwamba hakuna, mkeka unakunjwa na msiba umekwisha.

Siku ile aliyegawa ni Mama Mkubwa, dada yake mama. Mdogo wangu Mwanaidi ndiye aliyemuuguza mama miaka miwili, wakati mimi nikija Ijumaa na kuondoka Jumapili. Akaomba kitu kimoja tu, ule mkoba. Ukatafutwa, haukuonekana. Ulikuwa kwangu. Niliuchukua kwenye benchi la hospitali siku mama alipofariki, Mwanaidi akiwa analia, nikaufunga ndani ya kanga yangu. Siku za mwizi arobaini, wanasema. Mimi nilizifikisha na nikapitiliza. Niliutaka, basi. Sina sababu nyingine ya kuwapa.

Nikasema huenda ulisahaulika hospitali. Mama Mkubwa akauliza mara tatu, na mara tatu nikajibu "Hakuna" kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwanaidi akarudi hospitali kuuulizia, wala si mara moja. Mwisho akaja kwangu, akakaa chini sakafuni, akaniambia, "Dada, siku ile mimi ndiye niliyekuwa nao. Mimi ndiye niliyeusahau. Nisamehe." Nikamsamehe. Mimi, nikamsamehe yeye!

Tangu hapo mimi na Mwanaidi ni shikamoo na kwaheri. Si kwamba ana hasira. Ana aibu, anadhani kila nikimtazama namwona yule aliyepoteza mkoba wa mama. Na mimi kila nikimtazama naiona droo. Yeye yuko Muheza, mimi niko Tanga mjini, si mbali hata kidogo, lakini tulikuwa tunaonana misibani tu.

Haya. Nikalala.

Nikaona ni alasiri. Mwanga wa dirishani ulikuwa wa saa kumi hivi, na mama alikuwa amekaa kitandani katikati ya mikoba yangu, amevaa gauni lake la maua madogo, kanga kiunoni, miguu haifiki chini vizuri kwa ufupi wake. Sikushtuka. Nikasema, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahabaa," akivuta mwisho wa neno kama alivyozoea, na machozi yakanitoka kwa kuisikia tu sauti ile.

Mapajani ana kifurushi. Vitu vyake vimefungwa kwenye kipande cha kanga, fundo juu.

"Nimealikwa harusini," anasema. "Sina mkoba. Niazime."

Nafurahi mno. Mama yangu ananiomba kitu, nami ninacho, tele! Nampa wa bluu. Anautia begani, anajitazama kwenye kioo cha kabati, anageuka huku, anageuka kule, anacheka kwa pua. "Huu unaringa kuliko mimi," anasema. Nampa wa ukili, anaunusa kwanza, anaupapasa msuko wake kwa kidole. Nampa ule mwekundu. Anaufungua, anakuta makaratasi uliyojazwa tangu dukani, anayatoa moja moja na kuyanyoosha juu ya shuka. Yanatoka tu, hayaishi.

"Umeulisha karatasi miaka yote hii?"

"Nausubiria siku yake, mama."

"Mimi niliacha doti tatu hazijakatwa," anasema. "Nilikuwa nasubiri kama wewe."

Ni kweli. Tulizikuta sandukuni, mpya, zimeota madoa ya kutu kwenye mikunjo. Mama hasemi zaidi. Anachukua kifurushi chake anakitia ndani ya mwekundu, anafunga zipu, na ninapomtazama tena bado anacho mkononi. Anajaribu ule wa bluu, kinaingia, anafunga, na bado anacho mkononi. Tunajaribu yote. Hakasiriki. Kila mmoja anausifia kwanza, kisha anauweka kando taratibu.

Na hatuko chumbani tena. Sikumbuki mlango tuliopita. Tuko uani kwetu Ngamiani, mkeka umetandikwa, mikoba yangu imepangwa juu yake, na wanawake wamekaa kuuzunguka. Nyuso sizioni, naona mitandio tu. Mama anagawa. Wa bluu huyu, wa ukili yule. Nangoja moyo uniume, maana mimi najijua, lakini hauumi. Kila unaotoka unaondoka begani mwa mtu, unapita mlango wa uani, na unapendeza mwenzangu! Kabatini haukuwahi kupendeza hivyo. Hata mwekundu umeondoka, nimeutazama mgongo wa aliyeubeba mpaka ukapotelea kwenye kona, na nimejikuta natabasamu.

Mkeka umebaki mtupu. Mama ananitazama mimi.

"Kuna kilichobaki?"

Nafungua mdomo niseme kweli. Sauti inayotoka ni ile ile ya siku ya arobaini. "Hakuna."

Hata ndotoni! Hata mbele ya mwenye mali! Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona nikiwa macho.

Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Aliinuka, akaninyooshea kidole upande wa kushoto, nami nikageuka kutazama. Ua limekuwa ukumbi mrefu wa hospitali, na mabenchi ya mbao yamepangwa ukutani. Mwanaidi yuko pale. Amepiga magoti sakafuni, anachungulia chini ya benchi la kwanza, anajivuta mpaka la pili, anachungulia, anajivuta mpaka la tatu. Anamuuliza kila aliyekaa, kwa adabu zake zile, "Samahani, hamjaona mkoba wa kahawia?" Wanatikisa vichwa. Anafika mwisho wa ukumbi, anarudi mwanzo, anaanza upya. Kanga yake imetoboka magotini. Ndipo ninapoelewa kwamba miaka yote sita yuko pale, hajaenda nyumbani.

"Mama, mwambie aache," nasema.

"Hanisikii mimi." Mama ameshakaa kwenye benchi, kifurushi mapajani, anasubiri kama wagonjwa wengine wanavyosubiri kuitwa. "Mwambie wewe. Mwambie hakusahau kitu."

Nataka kwenda, miguu haiendi. Namgeukia mama nimwambie mkoba ninao, uko kwenye droo, anisamehe. Hayupo. Benchi ni tupu. Mdogo wangu bado anauliza, samahani, hamjaona, samahani. Nikaita "Mwanaidi!" kwa nguvu zangu zote, na sauti yangu mwenyewe ikaniamsha.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Mnyororo wa mkoba wa bluu ulikuwa umenichora shavu, na mwekundu umenilalia shingoni. Nikakaa kitandani, sina hofu, ila nimechoka kama niliyetoka safari. Watu wa kwetu husema maiti akikuomba kitu ndotoni utoe sadaka. Mama hakuniomba sadaka.

Nikapiga magoti nikaivuta droo. Haikuwa imekwama wala nini. Mkoba ulikuwa ndani ya kanga yangu vile vile, umeota koga kwenye kona. Miaka sita sijaubeba, na nisingethubutu kuubeba, ningeonekana nao wapi? Hata kuufungua sikuwahi kuufungua. Niliiba kitu nisichoweza kukitumia, ujinga ulioje! Nikabonyeza kibanio. Mlikuwa na miwani yake, leso, peremende mbili zilizogandana na karatasi zake, na kipande cha daftari kilichokunjwa mara nne. Nikakikunjua. Ulikuwa mwandiko wa Mwanaidi.

"Dada Zena, kidonge cha asubuhi kimoja, ale kwanza. Vya usiku viwili. Akikataa usimlazimishe, mwimbie kidogo atakunywa. Asante kwa kunipumzisha, dada."

Aliniandikia mimi, kwa ajili ya zile Ijumaa na Jumapili zangu. Nililia, jamani. Nililia mpaka mikoba ikaniona.

Kisha nikajifuta uso nikachukua simu.

"Shikamoo dada," akaitikia upesi, kwa wasiwasi. "Kuna nini? Mbona mapema hivi?"

"Marahaba. Mwanaidi, wewe hukusahau kitu hospitali."

Nikauvuta mkoba mapajani.

"Mkoba wa mama niliuchukua mimi. Pale pale kwenye benchi. Ninao hapa."

Nilisikia kuku wanalia uani kwake, na mtu anafagia. Nikangoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa, hata maneno yake nilikuwa nayajua.

"Miwani yake imo?" akauliza.

"Imo."

"Haijavunjika?"

"Haijavunjika."

Akavuta pumzi, nikasikia anainuka mahali alipokuwa amekaa. "Usiguse kitu, Zena," akasema. Tangu azaliwe hajawahi kuniita jina langu bila dada mbele yake. "Nakuja."

Anakuja kunipiga au kunikumbatia, sikujua, wala sikuwa na uso wa kuuliza. Nikautoa mkeka nyuma ya mlango, nikautandika sebuleni. Mkoba wa mama nikauweka katikati, na mikoba yangu yote kuuzunguka, hata mwekundu, nikiwa nimeshautoa makaratasi yake. Mimi ndiye mkubwa, kwa desturi mimi ndiye wa kugawa. Nikakaa pembeni, mahali wanapokaa wadogo, nikamsubiri Mwanaidi aje agawe yeye.