Maneno Aliyowatilia Wajapani Kinywani

Kwa maoni ya Mama Martine, tamthilia ya Kijapani huharibika pale anapoingia daktari. Si daktari yeyote, bali yule asiyeshindwa, anayetembea koridoni koti jeupe likipepea nyuma yake, manesi wakimkimbilia.

"Huyu haiko muntu," aliwaambia wanawake waliojaa sebuleni mwake, pale Panda, kambi ya wafanyakazi wa kiwanda. "Hata usome namna gani, siku moja mugonjwa atakukufia mu mikono. Wacheni huyu. Turudilie ile ya mupishi."

Ile ya mpishi aliiona tena na tena. Mkahawa mdogo, mvua nje, watu wanaingia mmoja mmoja, wanakula supu, wanalia bila kufuta macho, wanatoka. Hakuna anayepigwa kofi. Za Mexico, alisema, ni makofi na mtoto aliyepotea. Za Wakorea ni mvulana tajiri na mama yake mwenye kiburi. Za Wanaijeria zina kelele mpaka unahofia jirani atakuja kuamua ugomvi. Wajapani walikuwa na adabu ya kumaliza: vipindi kumi, kumi na kimoja, wanazima taa na kuondoka, hata kama wewe bado unawataka.

Kosa lao moja alilisema waziwazi: walipenda mno kukimbia. Kila kipindi cha mwisho lazima mtu atoke mbio kumfuata mwingine stesheni, viatu vikimtoka, jasho likimtiririka.

"Si apande moto!" Mama Orpha, jirani wa nyumba ya pili, alipiga kelele kila mara. "Ku Japon hakuna pikipiki ya taxi-moto? Bantu ya akili vile!"

"Akipanda moto atafika mapema," Martine alimjibu. "Na kama anafika mapema, weye utalia juu ya nini?"

Aliwapata Wajapani kwa kosa la Papy, muuza diski wa karibu na soko, miaka mingi nyuma, enzi za diski. Papy aliona mwanamume mwenye kimono jaladani, akaapa kuwa ni karate. Augustin, mume wa Martine, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Shituru, alingoja ngumi kipindi chote cha kwanza, akaingoja katika cha pili, kisha akaenda kulala. Martine alibaki. Mwanamume wa kimono alikuwa fundi wa miavuli, mkewe alikuwa amemwacha, na kwa muda mrefu alichofanya ni kubandika karatasi juu ya mwavuli mmoja, polepole, akiilainisha kwa kiganja. Martine hakuweza kueleza kwa nini alijisikia kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Labda ni kwa sababu huko nje kulikuwa na malori, vumbi jekundu, redio tatu za majirani na mashemeji waliokuja kusema na kusema. Hapa palikuwa na mtu aliyeumia, naye akaachwa aumie kwa utulivu.

Maneno ya Kifaransa yalipita chini ya picha, na Martine, aliyesoma shule ya misheni Mulungwishi, aliyasoma bila kukwama. Wenzake hawakuweza kwenda na kasi ile. Basi alisimama kando ya televisheni, mwiko mkononi kama bado yuko kwenye sufuria, akawasimulia kwa Kiswahili. Hakuna aliyeona ajabu. Hata kwenye vibanda vya video mjini daima palikuwa na mtu wa kuisimulia filamu, na watu walimpenda msimuliaji kuliko filamu yenyewe.

Taabu ilikuwa ukimya. Mwanamume na mwanamke walikuwa wakisimama darajani, wakitazama maji, na chini ya picha hakuna hata neno.

"Iko nasema nini?" Orpha aliuliza.

"Haiko nasema kitu."

"Lakini anamuangalia vile! Hawezi kukosa kusema."

"Ananyamaza tu, Mama Orpha."

"Sasa sisi tulikuja kuangalia kunyamaza? Kunyamaza iko mingi ku nyumba yangu. Bwana ananipatia bure."

Wanawake walicheka hadi bibi mmoja akashikwa na kikohozi. Siku ile Martine alikubali kushindwa. Alitazama uso wa yule mwanamume, akavuta pumzi, akasema: "Anasema, hata ukienda mbali, moyo yangu iko na weye." Sebule nzima ikaguna kwa utamu. Tangu hapo aliwatilia Wajapani maneno kinywani. Baba aliyekaa kimya mezani alimwomba bintiye msamaha. Mjane aliyeshika kiatu cha marehemu aliongea naye mpaka wimbo wa kufunga. Wapo waliokuja kutoka mitaa ya mbali kwa ajili ya maneno hayo, na wasingesadiki kuwa hayakuwamo.

Lakini asubuhi, umeme ukiwa umerudi na nyumba ni tupu, Martine aliirudia picha ileile peke yake, bila kuongeza kitu. Hapo ndipo alipokuwa na maoni yake ya kweli, ambayo hakumwambia mtu: kwamba kilicho bora kuliko vyote ni mama kwenye mlango. Yumo katika tamthilia nyingi. Mtoto anakwenda Tokyo. Mama anamenya tunda, analifunga kwenye kitambaa, anampa kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Mtoto anaondoka. Mama anabaki mlangoni hadi njia iwe tupu. Martine aliona kwamba hivyo ndivyo mtu anavyopenda akishakomaa, akishajua kuwa maneno hayamzuii yeyote.

Mwanawe Hénoc alikulia katika sebule ile, juu ya mkeka, miguuni pa mama yake. Alikuwa mtoto wa usingizi. Muziki wa mwisho ulimkuta amelala, shavu limepigwa chapa na ukindu. Asubuhi, mbele ya uji, aliuliza: "Mama, ilimalizika namna gani?" Naye Martine akamweleza. Lakini nani atamweleza mtoto mdogo kwamba watu wawili walitazamana, basi? Alimpa na maneno, yale ya jana na mengine bora zaidi, na mtoto akaenda shule ameridhika.

Augustin alikufa. Hénoc alimaliza masomo, akazunguka na vyeti vyake kiwandani na madukani mpaka kola ya shati lake la kuendea harusi na mazishi ikachakaa. Halafu akasema anakwenda Kolwezi, kwa wachimbaji, kuingia shimoni na wenzake. Martine alitaka kumshika magoti. Alitaka kulia kama anavyoliliwa mtu aliyekwisha kufa. Aliziba mdomo.

Katika ukoo ule, kama katika nyumba nyingi za pale, mtoto haendi kutafuta maisha bila mama kumfungulia kinywa. Mtoto anapiga goti, mama anachukua maji mdomoni, anampulizia kifuani, anasema maneno: nenda vizuri, ukae vizuri, kila unachogusa kikupokee. Mtoto anaitika, "Ndiyo, mama," na hapo ndipo baraka inashika. Martine alijua. Kopo la maji alilitia mwenyewe asubuhi ile, likawa mezani.

Lakini alijua pia kwamba akifungua kinywa kitatoka kilio, na kilio kikitoka kitamwomba mwanawe asiende. Na pengine, hili alilikiri baadaye, alitaka mara moja maishani kufanya kile alichokiona kizuri kuliko vyote. Alifunga viazi vitamu vya kuchoma na chungwa lililomenywa katika kitambaa safi. Akampa kwa mikono miwili. Akainamisha kichwa.

Hénoc alipokea, akabaki amesimama. Akalitazama lile kopo. Martine alimwona analitazama, akafikiri: anaelewa, huyu nilimlea na picha hizi. Barabarani rafiki yake alipiga mluzi, basi la Kolwezi haliwangoji. Hénoc alingoja kidogo tena. Kisha akatoka. Martine alisimama mlangoni hadi kona ikammeza mwanawe. Hénoc hakugeuka. Katika tamthilia pia hawageuki.

Simu alizompigia mwanawe hazikupokewa. Martine alisema ni mtandao. Baadaye namba yenyewe ikakoma.

Halafu, baada ya mvua za kwanza, mchana mmoja alikuja Élisabeth, dada wa marehemu Augustin, shangazi wa mtoto. Alikataa kiti. Orpha alikuwepo, akichambua matembele.

"Mama Hénoc, mutoto ulimukatalia baraka juu ya nini?"

"Minye? Mama yake?"

"Shimo ilimuangukia. Mwenzake alibakia mule ndani. Yeye, mguu tu njo ilivunjika, ile mufupa ikatoka inje. Na pale kitandani anasema kintu moja: mama hakunifungulia kinywa."

Matembele yalimponyoka Orpha.

"Nilimuaga, Tante Élisabeth," alisema Martine.

"Ulimuaga na nini?"

"Na kichwa."

"Na kichwa!"

"Ku Japon banaagana vile. Mama anainamisha kichwa, mutoto anajua."

"Tuko ku Japon hapa?" Élisabeth alimtazama bila hasira sasa, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Muntu akitoka ku nyumba, mama yake ananyamaza, anaangalia chini. Weye, kama ni weye, utasema nini? Utasema: mama amekasirika, mama ananitupa."

"Lakini aliziona. Zote. Alikuwa pale chini, ku mukeka."

Na wakati anasema hivyo akaliona lile shavu lenye chapa ya ukindu. Alikuwa pale, amelala. Hakuwahi kumwona mama yeyote wa Kijapani akinyamaza mlangoni. Wote aliowajua yeye walikuwa wamesema, asubuhi, mbele ya uji, kwa sauti ya mama yake mwenyewe, na walisema mengi na mazuri. Ni yeye peke yake aliyepewa mama bubu.

Martine alikaa chini, sakafuni.

"Uko na namba yake," alisema.

"Alinikataza kukupatia."

"Usinipatie. Ita weye."

Élisabeth aliguna, akabonyeza. Orpha alikuwa ameshaleta maji katika kopo lilelile. Akasimama nalo, hajui alipeleke wapi.

"Na maji, atapulizia wapi? Ku telefone?"

"Telefone yangu, apana!" Élisabeth aliivuta kifuani. Kicheko kilitaka kuja, hakikufika. Orpha aliingia chumbani akarudi na shati la Hénoc, lile la kola iliyochakaa, akalivisha mgongo wa kiti na kulifunga vifungo, likasimama mbele yao kama mtu aliyekonda.

Upande wa pili simu ilipokewa. "Tante?" Sauti ilikuwa chini, kama ya mtu anayesema akiwa amelala chali.

Martine aliichukua. "Ni mama yako," alisema haraka kabla hajakatiwa, akachukua maji mdomoni, akayapulizia shati. Kisha kinywa kikafunguka.

"Hénoc, mutoto ya tumbo yangu. Kama kinywa yangu ilikufunga, leo inakufungua. Sikukukasirikia. Niliogopa kulia. Ukae vizuri, ulale vizuri, uamuke. Mufupa yako ishikane. Kila kintu utagusa ikupokee. Rudi ku nyumba, ao usirudi, lakini uishi."

Akangoja "Ndiyo, mama."

Alisikia pumzi. Nyuma ya pumzi, kitanda cha chuma kililia, na mbali zaidi mtu aliita mwenzake mara mbili. Pumzi ilikuja ikaenda. Martine alibana simu hadi sikio likauma. Maisha yake yote watu walikuwa wamenyamaza mbele yake, naye akajua mara moja la kuwatilia. Sasa alitafuta neno moja, hata dogo, hata la uongo, na mahali palipokuwa na maneno pakawa pakavu.

Orpha alimgusa bega. "Iko nasema nini?"

Élisabeth naye alisogea. Wote wawili walimtazama mdomoni, kama walivyomtazama miaka ile yote, kando ya televisheni.

Pumzi ilikuwepo bado. Kisha haikusikika, na hakujua kama ni mtandao, au kama ni Hénoc aliyeiweka simu kando. Martine hakuishusha simu sikioni. Shati lilidondosha maji kwenye saruji.

"Mama Hénoc. Iko nasema nini?"

"Bado," alisema Martine.