Laptopu Yenye Mende

Mende wa kwanza alichomoza kwenye tundu la chaja, akapunga sharubu kushoto na kulia kama mpangaji anayechungulia kuona nani anabisha hodi, kisha akarudi ndani. Anaeli alimwona. Lemomo, mwenye laptopu, naye alimwona, akajifanya anakohoa.

"Yesu wangu!" Anaeli akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga bati. "Kuna mdudu humo."

"Ni baridi, mama," Lemomo akasema. "Mwezi wa saba huu, Arusha nzima kila kiumbe kinatafuta joto. Hii mashine ikiwaka ni jiko. Na wao waote moto kidogo."

Vijana waliojipanga kwenye benchi wakacheka bila kubandua macho kwenye luninga. Lilikuwa banda la gemu, la mabati, huko Sombetini, ambako madereva wa bodaboda hulipa kucheza mpira wa kwenye kioo wakati abiria hawapo. Ndani mlinuka soksi, mafuta ya chipsi yaliyokaangiwa wiki nzima, na sigara. Laptopu yenyewe ilikuwa nyeusi, nene kama tofali. Vitufe viling'aa, si kwa upya, bali kwa jasho la vidole. Katikati ya kitufe na kitufe palikuwa na chembe za chipsi, nywele, na kitu cheupe chenye umbo la mwezi mwandamo. Anaeli aliinama, akatazama vizuri. Ilikuwa kucha ya mtu, imetafunwa.

Mate yakamjaa kinywani.

Si kwamba alikuwa mwanamke wa kubagua kazi. Aliishia darasa la saba, na tangu mume wake afariki alikuwa akiuza supu ya utumbo kando ya barabara kule Olasiti. Kila alfajiri aligeuza utumbo wa mbuzi nje ndani, akaukwangua na kuuosha, huku wapita njia wameziba pua. Haukumsumbua. Mbuzi alikula majani, na kilichomo tumboni mwake ni majani. Lakini uchafu wa watu asiowajua ulimshinda. Jasho la mtu baki, mate ya mtu baki, kikombe chenye alama ya midomo ya mtu baki: hivyo vilimpanda kooni hata akiwa msibani, mahali ambapo mtu hapaswi kuonyesha uso wa kinyaa.

Silantoi, binti yake, alikuwa tayari ameketi mbele ya ile laptopu na kushika kipanya, kana kwamba hakuna kucha wala mende.

"Mama, subiri nione inavyobeba."

"Inavyobeba wadudu nimeshaona."

Binti huyo alikuwa na miaka ishirini na moja. Tangu mdogo alichora kwa mkaa ukutani mpaka akachapwa, na sasa alichora katuni za kutembea kwenye kisimu chake chenye ufa. Fanuel, mpiga video za harusi na vipaimara wa Kimandolu, alizipenda, akamwahidi kazi ya kuediti. Sharti lilikuwa moja: aje Jumatatu na laptopu yake mwenyewe, yenye nguvu. Asipokuja nayo, yuko kijana mwingine anayo. Na leo ilikuwa Jumamosi. Hela ya kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, iliyokuwa imefungwa kwenye khanga kiunoni mwa Anaeli isingenunua mpya hata kwa maombi. Ilitosha iliyokwisha kutumika tu.

"Lakini kwa nini lazima ya gemu?" Anaeli aliuliza, kwa mara nyingine. Kwenye luninga ya pembeni kijana alikuwa amebadili mchezo. Sasa mtu alipigwa risasi, damu ikaruka mpaka kwenye kioo, na vijana wakashangilia. Anaeli akageuza uso.

"Gemu zinataka mashine yenye kadi ya picha, mama. Kadi hiyo hiyo ndiyo inayobeba video na katuni zangu. Ukichukua ya ofisini ukaiwekea video ya harusi, bibi harusi anaondoka mlangoni leo, anafika madhabahuni kesho."

"Na wewe utacheza hayo mauaji?"

"Nitacheza pia," Silantoi akasema. Hakuwa mtoto wa kudanganya. "Lakini si ya risasi."

Akafungua video. Ikatiririka bila kukwama. Feni ikavuma, ikapuliza hewa ya moto yenye harufu ya vitunguu vilivyochacha usoni pa Anaeli.

"Nawaambia mapema," Lemomo akasema, "betri imekufa. Bila waya haiwaki. Na mende mmewaona. Kingine hakuna."

"Kingine kipi tena!" Anaeli akamshika binti yake bega. "Simama. Twende mjini, kwenye duka safi la Melkizedeki, anakonunua kila mtu wa maofisini."

Mkono wa Silantoi ulisimama juu ya kipanya.

"Pale hapana, mama. Nilishafika."

"Ukaona nini?"

"Hapana tu."

"Hapana tu si neno. Unataka kuniletea mende kwenye unga? Simama, nimesema."

Silantoi akasimama. Njia nzima alitembea hatua kadhaa nyuma, na mama yake akadhani amenuna kwa ajili ya gemu.

Duka la Melkizedeki lilikuwa na vigae vyeupe ambavyo Anaeli aliona aibu kuvikanyaga kwa viatu vyenye vumbi. Hewa ilinukia limau. Melkizedeki mwenyewe alikuwa na mvi kando ya masikio, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, na ingawa alikaribia umri wa Anaeli, aliinama, akampa mkono.

"Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba, baba," Anaeli akajibu, na moyo wake ukalainika hapo hapo. Ni nani siku hizi anamwamkia muuza supu?

"Na mgeni wangu umerudi," Melkizedeki akamwambia Silantoi. "Nilijua utarudi."

Anaeli hakulipima neno hilo. Alikuwa anatazama jinsi alivyofutiwa kiti kwa karatasi laini kabla ya kukaribishwa. Akakaa. Akatoa pumzi. Hapa, alijiambia, hapa ndipo mahali pa kununulia kitu cha kuingiza nyumbani.

Laptopu iliyoletwa mezani ilikuwa ya rangi ya fedha, nyembamba, haina hata alama ya kidole. Ilikuwa na kadi ya picha kama ile ya Sombetini, na betri yake ilikuwa hai. Silantoi akaijaribu kwa video ile ile. Ikatiririka.

"Ni nzuri?" Anaeli akauliza.

"Ni nzuri, mama," binti akasema, kwa sauti ya mtu aliyekubali kosa mbele ya baraza.

Bei ilizidi kidogo kile kilichokuwa kiunoni. Anaeli akasema hivyo, kwa aibu.

"Tutaelewana," Melkizedeki akasema. "Ngoja nimwonyeshe binti mambo fulani kwanza."

Akazunguka meza. Anaeli akageukia rafu ya mbele yake ili arekebishe kilemba. Kwenye rafu zilipangwa laptopu zilizofunguliwa lakini hazijawashwa, vioo vyao vyeusi kama maji ya usiku, na mtu aliweza kujitazama humo. Akajiona. Nyuma ya bega lake mwenyewe akawaona wao.

Mkono mmoja wa mwanaume yule ulifunika mkono wa Silantoi juu ya meza. Mwingine ulikuwa mgongoni, chini ya sweta, na kidole gumba kilikuwa kinatembea taratibu. Mabega ya msichana yalikuwa yamekauka. Uso wa Melkizedeki, huo ulitazama kisogo cha Anaeli na kutabasamu.

"Waranti miezi mitatu, mama," uso ukasema. "Na bei nitashusha, kwa heshima yako. Ila kuna programu za kuweka, zinachukua muda. Wewe nenda kapumzike. Binti abaki, tukifunga jioni nitamleta mwenyewe na gari."

Kucha ya Sombetini ilikuwa imempanda Anaeli kooni. Kinyaa hiki kilikuwa kingine, kichungu zaidi. Akageuka. Akautazama mkono uliokuwa juu ya mkono wa mwanawe. Kucha zake zilikuwa safi, zimekatwa sawasawa, zinang'aa.

"Toa mkono."

"Mama?"

"Wa juu na wa chini ya sweta. Toa."

Melkizedeki akacheka, akainua mikono yote miwili kama mtu anayeombewa. "Jamani mama, umeelewa vibaya. Mimi si kama baba yake?"

"Baba yake yuko kaburini, na hakuwahi kumshika hivyo. Silantoi, ondoka hapo."

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua kamera akageuza shingo. Tabasamu la Melkizedeki likazimika.

"Mashine kama hii kwa bei hiyo huipati Arusha nzima, mama. Nenda kanunue uchafu."

"Ndiko ninakokwenda."

Nje, Anaeli akatema mate mtaroni, akatema tena. Akasugua kwenye khanga kiganja kilichoshikana na kile cha Melkizedeki walipoingia, mpaka kikawa chekundu. Marahaba aliyoitikia ilimchafua kinywa, angeweza angeirudisha.

"Nilikuambia hapana," Silantoi akasema. Hakuwa analia.

"Ungeniambia kuna nini."

"Ningekuambia, ungeniuliza nilifuata nini dukani kwa mwanaume peke yangu."

Anaeli alijua ni kweli. Ndivyo angeuliza. Kwa maneno hayo hayo.

Lemomo alipowaona wanarudi hakutania. Labda aliona nyuso. Anaeli akatoa hela, akaweka sharti: mashine ifunguliwe hapo hapo, isafishwe hapo hapo, hakuna mdudu atakayevuka kizingiti chake. Bisibisi ikaletwa, pamoja na brashi ya rangi na spiriti. Mfuniko wa chini ulipoinuka, vijana wa kwenye benchi waliacha mpira wao na kurukia juu ya viti. Mende walimwagika mezani wakubwa kwa wadogo. Chini yao palikuwa na mavi kama pilipili manga iliyosagwa, vifuko vya mayai, na vumbi lililoshikana na nywele kama blanketi la mbwa.

"Shika mfuniko, mama," Silantoi akasema, brashi mkononi. "Kuna waya mwembamba umeunganishwa hapa. Ukikatika, tumekwisha."

Hapakuwa na mwingine. Lemomo alikuwa akiua mende kwa kandambili. Anaeli akashika kwa vidole vitupu, akageuza uso pembeni, akapumua kwa mdomo. Kitu kikamtembea kwenye kifundo cha mkono, kikaingia kwenye mkono wa sweta. Machozi yakamtoka kwa kinyaa. Hakuachia.

"Haraka, mwanangu."

"Namaliza."

"Mama huyu ni chuma," kijana mmoja akasema kutoka juu ya kiti.

"Funga mdomo wako, mende ataingia," Anaeli akamjibu bila kugeuka.

Ilipofungwa tena, ikawaka. Silantoi akafungua katuni yake, akaitazama mpaka mwisho, akazungusha waya wa chaja vizuri, akavitia vyote kwenye begi, akalivaa kifuani kama anayebeba mtoto.

Jumatatu asubuhi walikwenda Kimandolu pamoja. Studio ya Fanuel ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba yake, na ilikuwa inatisha: waya sakafuni kama utumbo, sahani ya wali wa juzi, kikombe ambacho ndani yake chai ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Anaeli alikiona kikombe hicho, nywele za mikono zikamsimama. Fanuel, kijana mnene mwenye fulana iliyotoboka, akamwamkia, akamwonyesha Silantoi mahali pa kuchomeka waya, akaanza kueleza kazi. Kisha akagundua kuwa mama hajaondoka.

"Mama, kuna kitu umesahau?"

"Hapana."

"Unamsubiri nani?"

"Simsubiri mtu. Nimekaa."

Silantoi akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. "Mama, tafadhali. Mimi mtu mzima."

"Najua."

Fanuel akamtazama mama, akamtazama binti. Akakuna kichwa. Hatimaye akanyanyua kiti chake, akakihamishia upande wa pili wa meza, mbali na Silantoi, akausukuma mlango ukawa wazi kabisa uani, ambako mke wake alikuwa anafua.

"Basi hapo unatuona wote, mama," akasema. "Na kesho je?"

"Kesho nitakuja pia."

"Mama, watu watacheka," Silantoi akanong'ona.

"Wacheke," Anaeli akasema. Video ya harusi ikaanza kukimbia kwenye kioo, kwaya ikaimba, bibi harusi akatoka mlangoni. Yeye hakumtazama bibi harusi. Alikuwa anatazama mikono ya Fanuel.