Nilipeleka Gramafoni Magoma Kumtoa Bi Harusi

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Siku ile shetani mwenyewe angenikataza!

Mhariri, jina langu usilitoe. Sababu nitaisema mwishoni, na najua utacheka.

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani katika shamba la mkonge karibu na Korogwe. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na ndio ulioniponza. Injinia wa kiwandani, Mgiriki mmoja mpole asiye na mke, alikuwa na santuri zaidi ya mia tatu ndani ya makabati yake. Akaniita nimwandikie orodha, Jumapili kwa Jumapili. Na kabla sijaandika chochote alitaka kila santuri tuisikilize kwanza, upande huu na upande ule!

Jamani, nilinogewa! Mimi mtoto wa Handeni, niliyekulia kwenye ukame na ngoma, nikajua kuna jazi ya kuchezesha mabega na jazi ya mtu aliyekimbiwa na mke. Nikajua simfoni moja inaweza kujaza santuri nne, unageuza na kugeuza, maana kila upande ni dakika nne tu. Nikajua na kufumba macho wakati wa kusikiliza. Kwa kufumba macho nilimshinda hata Injinia.

Basi nikawa sishikiki. Nikipita kambini nikakuta wenzangu wanapiga ngoma, nakunja uso. "Kelele hizo hazina mwanzo wala mwisho," nawaambia. Mungu anisamehe!

Ndipo nikaposa kijijini Magoma. Binti tumwite Zaina. Maneno yake machache, lakini kila neno linafika. Kwao kulikuwa na ada moja: bi harusi hatoki ndani mpaka shangazi yake amwimbie mlangoni. Anamtaja yeye, mama yake, bibi yake, mwisho anamtaja mwanamume anayemchukua. Hapo tu ndipo mlango hufunguliwa.

Nikatuma ujumbe kwamba shangazi asijisumbue. Muziki wa harusi hii analeta bwana harusi.

Aliyeupeleka ujumbe ni mshenga wangu, rafiki yangu Saidi, dereva wa lori la shamba. Alinitazama sana.

"Unamkataza Shangazi Mwanjaa kuimba? Wewe umemwona vizuri Shangazi Mwanjaa?"

"Nimemwona. Mtu mzima yule, ataelewa."

"Haya. Siku hiyo mimi lori natakiwa nilirudishe kabla jua halijazama. Mengine utajua mwenyewe."

Injinia akaniazima gramafoni na santuri ishirini nilizochagua kwa mkono wangu. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Kwani watu wa kule hawaimbi?" Nikamjibu kwamba wanaimba, ila... Akatikisa kichwa. Nami nikadhani ananisifu!

Siku ikafika, ndoa ikafungwa salama asubuhi. Baada ya pilau nikaiweka gramafoni mezani mbele ya mlango wa chumba alimokaa Zaina, nikazungusha hendeli, nikatia sindano mpya, nikaanza na simfoni. Nikafumba macho.

Nilipofumbua, wageni wote walikuwa wananitazama mimi. Upande wa kwanza ukaisha. Baba mkwe akapiga makofi matatu ya adabu.

"Ahsante, mwanangu. Sasa shughuli ianze."

"Baba, bado. Zimebaki pande saba."

"Saba!"

Nikageuza. Kila nikigeuza watu wanadhani yamekwisha, wanainuka, nami nawakalisha. Upande wa nne wazee wawili wakaaga kwamba wanawahi swala, na alasiri ilikuwa mbali kabisa! Nikaona niwabadilishie, nikaweka jazi. Tarumbeta likalia weee. Bibi mmoja akauliza kwa huruma, "Masikini, huyu kafiwa na nani?"

Watu wakaangua kicheko. Nilichukia! Nikasema mbele ya wote, "Muziki huu unataka watu waliosoma."

Hapo Shangazi Mwanjaa akainuka. Mama mfupi, kanga kaifunga kiunoni. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningepona.

"Shikamoo, shangazi," nikamwahi.

"Marahaba, baba. Muziki wako mzuri, nami sikusinzia. Nina ombi moja tu. Mwambie huyo aliyemo ndani ya sanduku amtaje Zaina, nami nifungue mlango."

"Shangazi, huyo hamjui Zaina."

"Kumbe! Basi amtaje mama yake."

"Hamjui pia."

"Na bibi yake je? Alijulikana mpaka Handeni."

Nikabaki nazipekuapekua zile santuri ishirini kama mtu aliyepoteza cheti. Nilikuwa natafuta nini, sijui! Vicheko vikazidi. Nikaenda mlangoni mwenyewe.

"Zaina, mke wangu, lori linangoja. Toka twende."

Sauti ikatoka ndani, taratibu. "Mama yangu aliimbiwa. Bibi yangu aliimbiwa. Mimi nitoke kimyakimya, nimeiba nini?"

Maneno yale yalinichoma. Nilikuwa nimehangaika kumletea kitu cha thamani, na muda wote ule sikuwahi kumuuliza anataka nini.

Ningeomba radhi palepale yangekwisha. Lakini kiburi, ndugu zangu! Nikatangaza kwamba kama hatoki, mimi nakwenda zangu. Shangazi Mwanjaa akanijibu kwa upole, "Safari njema, baba."

Nikarudi Korogwe bila mke. Kwenye kile kiti cha mbele nilichomtandikia bi harusi kanga mpya, tuliiweka gramafoni isije ikavunjika. Njia nzima Saidi alikuwa anaisemesha: "Pole na mashimo, bi harusi! Tunakaribia nyumbani." Na santuri moja ya jazi niliyoisahau juani, kwenye benchi, ilikuwa imepinda. Injinia aliitazama, akanitazama usoni, akairudisha kabatini. Tangu siku ile hakuniazima tena hata moja.

Siku nane nilikaa peke yangu katika nyumba niliyoipaka chokaa kwa ajili yake. Nilijaribu kufumba macho nijikumbushe simfoni, nikawa nasikia ile sauti ya nyuma ya mlango tu. Nililia, siwafichi.

Siku ya tisa nikafika Magoma mikono mitupu, nikapiga magoti mbele ya Shangazi Mwanjaa.

"Shangazi, nimekosa. Naomba umwimbie."

"Una haraka?"

"Sina."

"Vizuri. Maana mimi sina upande wa pili. Nikianza nimeanza."

Akaimba toka adhuhuri hadi alasiri, na safari hii hakuna mzee aliyeaga. Akamtaja Zaina, akamtaja mama yake, akamtaja bibi yake. Kisha akafika kwa anayemchukua, na wanawake wote wakapokea:

*Bwana Fulani kaja na sanduku,*
*sanduku halimjui Zaina!*
*Rudi nalo Korogwe likupikie,*
*Bwana Fulani, likupikie!*

Hapo penye Fulani pana jina langu, pamoja na la baba yangu. Mlango ukafunguliwa, Zaina akatoka anacheka mpaka machozi yanamtoka. Na anaitikia!

Mwezi uliopita tumemwoza mjukuu. Bwana harusi, kijana wa Dar, alikuja na spika kubwa kama kabati, akawaambia akina mama wanyamaze kwanza wapishe muziki. Nikamvuta kando nikamsimulia haya yote. Hakuniamini, mpaka akina mama walipoanza kuimba ule wimbo wa sanduku.

Vijana, sikilizeni muziki wa dunia nzima! Mimi bado naupenda, na simfoni ile naikumbuka pande zote nane. Ila msije mkamnyamazisha shangazi wa mtu mlangoni kwake.

Mhariri, sasa unaelewa kwa nini nilikuomba unifiche. Katika santuri zile mia tatu na ushei hakuna hata moja inayonitaja. Wimbo unaonitaja duniani ni mmoja tu. Ukilitaka jina langu, nenda Magoma kwenye harusi yoyote ya ukoo wa mke wangu, simama karibu na mlango. Utaimbiwa.