Gitonga Anagombezwa Bure

Pale Kitengela, hakukuwa na mume aliyejiona kama Wanjala, karani wa kiwanda cha saruji. Wageni wakija kula ugali kwake, mkewe Valerie aliwanawisha mikono kwa birika na beseni akiwa amepiga magoti, jinsi shangazi zake wa Bungoma walivyomfunza. Na lolote aliloambiwa na mumewe alijibu, "Sawa, Baba Morgan." Wanaume wenzake walimwonea wivu, naye akavimba kichwa. Kumbe wivu wenyewe ulikuwa njiani unakuja kwake!

Kanisa lilitangaza mchezo wa kuigiza kwa ajili ya Jumapili ya Wanandoa. Ulihusu mke mkaidi anayemsumbua mumewe weee, hadi mwisho anapiga magoti na kumnawisha mikono mbele ya watu wote. Valerie akapewa sehemu ya mke. Mume akawa Gitonga, muuza mabati, mtu aliyefiwa na mke, mwenye kicheko kikubwa na shamba jipya huko Kajiado.

Wanjala akajifanya hajali. Lakini Jumamosi alibeba sweta ya mkewe, eti upepo utamshika kifua, akaenda kuchungulia mazoezi dirishani. Sweta, jamani! Na jua lilikuwa kali la kupasua mawe.

Alichokiona kilimkata maini. Si kule kupiga magoti. Hilo alikuwa amejiandaa nalo. Valerie alikuwa ameshika kiuno, anamfokea Gitonga, anamkatiza maneno, anacheka mpaka machozi yanamtoka. "Mimi si kuku wako wa kufungia!" alimwambia, na macho yakamwaka. Wanjala hakuwa amepewa macho hayo hata siku moja. Miaka yote ya ndoa hawajawahi kugombana, na leo Gitonga, mtu wa mabati, anagombezwa bure! Afadhali angewakuta wameshikana mikono, hapo angejua la kufanya.

Jioni akasema, "Mama Morgan, sitaki kukuona tena kwenye hilo jukwaa."

"Sawa, Baba Morgan."

Basi. Hakununa wala hakuuliza sababu. Mwanakwaya mmoja, Nyawira, akachukua nafasi yake, na Wanjala akalala usingizi wa mshindi. Alisahau kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumapili ikafika, kanisa likajaa, Wanjala na mkewe wakaketi mbele kabisa. Gitonga akanguruma vile mume wa mchezo anavyotakiwa kunguruma. Nyawira akafungua mdomo, maneno yote yakampotea. Watu wakaanza kuguna. Ndipo Valerie akamgeukia mumewe na kumuuliza kwa upole, lakini kwa sauti iliyofika mpaka nyuma, "Baba Morgan, ulinikataza jukwaa. Naweza kumsaidia nikiwa hapa chini?"

Kanisa likapiga vigelegele. Mke ndiye huyu! Sasa angekataaje?

"Msaidie," Wanjala akasema, jasho likimtoka.

Valerie akasimama. Hakumtazama Gitonga hata kidogo. Alimgeukia Wanjala, akashika kiuno, akamwaga maneno ya yule mke mkaidi moja baada ya lingine. "Unaniagiza tu kama mtu anaagiza chai! Umewahi kuniuliza ninapenda nini?"

Watu walivunjika mbavu. Wanjala angepaswa kuona aibu, lakini moyo ulimruka kwa furaha ya ajabu: hatimaye ni yeye anayegombezwa, si yule wa mabati. Akainuka.

"Haya, nakuuliza! Unapenda nini?"

Hilo halikuwa kwenye mchezo. Kicheko kikafifia. Valerie akashusha mikono yake, akamsogelea na kumjibu kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia.

"Ungeniuliza wakati tunaoana. Sasa nimesahau."

Akaketi. Jukwaani Nyawira, ambaye sehemu ya magoti aliijua vizuri, akapiga magoti. Watu wakapiga makofi, na Wanjala akapiga pia, maana hakujua mikono aiweke wapi.