Gari Lisilo na Mtu

Mama alikataa kuliona gari langu. Akasema nimtumie picha kwanza.

Alisema hivyo kwenye simu, kwa sauti ya mzazi ambaye binti yake ameletewa posa na watu asiowajua. Yeye anaishi Kalenga, mimi nafanya kazi Mbeya, na katikati yetu kuna barabara kuu ambayo hataki hata kuisikia. Nilikuwa nimenunua kigari cheupe, kidogo, kilichokwishatumika Japani kabla ya kutufikia sisi, na nilitaka kukipeleka nyumbani wiki ileile. Kwetu gari jipya halijawa lako mpaka mzazi aweke mkono kwenye boneti na kuomba. Pikipiki ya kaka yangu iliombewa hivyo, pale pale uani, mama ameshika usukani kwa mikono miwili kama anayeshika pembe za mbuzi. Langu lilikaa bila mkono wa mtu. Nililiendesha kwenda kazini na kurudi, lakini moyoni nilijiona kama nimeliazima.

Sababu ya mama naijua. Baba alifia kwenye barabara ile, karibu na Makambako, miaka michache iliyopita, akiendesha gari la rafiki yake aliyemwomba alirudishe Iringa. Msamaria mmoja aliokota simu ya baba kwenye nyasi, akalipiga picha lile gari, akaituma kwa namba ya mwisho iliyokuwa imepigwa. Ilikuwa namba ya mama. Picha haikuwa na maneno. Mama akaona gari limesimama kando ya lami, mlango wa dereva uko wazi, matawi ya miti yamelazwa barabarani kuwaonya wengine, na ndani hamna mtu. Upande uliopigwa picha haukuwa na hata kioo kilichovunjika. Akadhani baba anamjulisha kwamba gari limemharibikia njiani. Akamjibu: pole, umekula?

Tangu hapo anapanda basi tu. Anasema basi lina watu wengi, Mungu hawezi kuwasahau wote kwa mpigo. Gari dogo hapandi, hata liwe la mchungaji.

Basi nikaanza kupiga picha. Mimi si mtu wa kutulia. Nikishaanza jambo, hata chai inanipoa mkononi. Ya kwanza niliipiga kwa simu, nimesimama wima mbele ya nyumba ninayopanga. Nikatuma, nikakaa nikiitumbulia macho simu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mama akapiga.

"Mbona imechuchumaa hiyo gari?"

Nikaangalia. Kweli lilikuwa limechuchumaa, kama chura aliyemwagiwa maji. Nikapiga nyingine ubavuni, nikaituma bila kuikagua vizuri.

"Na hiyo nguo ya ndani kwenye mlango ni ya nani?"

Kamba ya nguo ya jirani ilikuwa imejitokeza yote kwenye rangi ya gari, na chupi ilikuwa katikati kabisa ya mlango. Nilicheka, lakini hasira zilinipanda pia. Jumamosi hiyo nikaingia mjini nikanunua kamera, ile ndogo ya kuingia mfukoni, yenye lenzi inayochomoza ukiiwasha. Nilijiambia kwamba ubaya uko kwenye simu. Mtu asiyetulia ana dawa moja tu ya kila ugonjwa: kununua kitu.

Ile kamera nayo haikunihurumia. Kwanza nililisogelea gari mno, kwa sababu kwenye kioo cha kamera lilionekana kubwa na zuri, kumbe lenzi ikiwa imefunguka upana wake wote pua ya gari inavimba na matako yanasinyaa. Nikajifunza kurudi nyuma hatua nyingi, ndipo nivute picha kwa kitufe, na gari likarudisha umbo lake. Nikajifunza kupiga goti hadi jicho langu lilingane na taa. Nikajifunza kukunja tairi za mbele kidogo ili rimu ionekane, kufuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, na kukimbia jua la mchana linaloufanya weupe wote uwake kama bati jipya. Cha mwisho kilichonisumbua ni kwamba kamera ikiona weupe mwingi inaogopa, inaugeuza kijivu, mpaka uiambie iongeze mwanga. Hilo niliamka nalo, nikalala nalo.

Alfajiri nilikuwa natoka kwenda nje kidogo ya Uyole, kwenye mashamba ya viazi, kabla malori hayajajipanga na kuniharibia mandhari. Wanawake waliokuwa wakipeleka magunia sokoni walinizoea.

"Dada, unaiuza?"

"Siuzi."

"Sasa mbona unaipigia magoti?"

Nilikuwa naipigia magoti kweli, suruali yote tope. Nilitaka barabara tupu, ukungu nyuma, gari peke yake, kama nilivyoona kwa watu wanaojua kazi hiyo. Na picha zilikuja kuwa nzuri, sitaki kujishusha. Wenzangu kazini walidhani nimezichukua mtandaoni. Lakini mama, kila nikimtumia, alisema neno lilelile.

"Imekaa vibaya."

"Imekaaje vibaya, mama?"

"Imekaa vibaya tu. Nionyeshe ndani."

Sikumwelewa. Nilifikiri anasema juu ya mwanga. Nilifikiri anasema juu ya pembe, juu ya kivuli, juu ya kila kitu kilichoandikwa kwenye kijitabu cha maelekezo. Nilikuwa nalala vibaya. Wiki zilipita gari likiwa bado si langu, na nilianza kuona kwamba mama anatafuta sababu tu, kwamba hata ningempigia picha ya gari la Eliya likipaa mbinguni angesema limekaa vibaya.

Siku moja uvumilivu ukaniisha. Nikajaza mafuta, nikaondoka Mbeya kabla hakujapambazuka vizuri, bila kumwambia mtu. Nilisema nitalisimamisha mlangoni kwake, tuone atalikataaje. Karibu na Makambako, pale penyewe, sikugeuza kichwa. Nilishika usukani kwa nguvu mpaka vidole vikauma, na nilipopita nikajikuta nalia na kukasirika kwa pamoja.

Kabla ya Mafinga unaingia kwenye misitu ya misindano. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, lami inang'aa, na jua lilikuwa linapenya kwenye miti na kushuka mistarimistari juu ya ukungu. Hakuna anayepiga picha atakayepita pale bila kusimama. Nikaegesha pembeni, nikarudi nyuma, nikapiga goti. Gari lilikuwa jeupe, si kijivu, na miti nyuma yake imekolea. Tatizo lilikuwa chini tu: machupa na mifuko ambayo wasafiri wameitupa, imejaa mbele ya bampa. Nikavunja matawi kwenye vichaka, nikayalaza mbele, mengine yakafika hadi kwenye lami. Kisha nikakumbuka kwamba mama anataka kuona ndani. Nikaufungua mlango wa dereva, nikauacha wazi.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nilicheka peke yangu kule porini. Nikaihamishia kwenye simu, nikamtumia mama palepale, halafu nikaanza kuandika: mama, niko njiani nakuja. Picha ilifika. Maneno yakagoma, mtandao ukawa unayumba, na kule kuhamisha picha kulikuwa kumemaliza chaji. Simu ikazima mkononi. Waya wa kuchajia ulikuwa umebaki Mbeya, mezani.

Lori moja la Zambia likapunguza mwendo, likasimama mbele yangu. Dereva akashuka haraka, mtu wa makamo, kandambili miguuni.

"Pole, dada. Kuna mtu ndani?"

"Hamna mtu. Napiga picha tu."

Aliniangalia mimi, akaiangalia kamera, akayaangalia matawi.

"Ondoa hayo majani," alisema. "Barabara haichezewi."

Niliyaondoa nikinung'unika. Mimi mtu mzima kugombezwa kama mtoto, na yeye si baba yangu. Kisha nikaendelea na safari, lakini siku ilikuwa imeshanionjesha utamu. Nikasimama Ifunda kwenye mashamba ya mahindi, nikasimama tena Tanangozi, nikasubiri wingu lipite, nikasubiri ng'ombe wapite. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka nilipokata kona ya Kalenga.

Nyumbani nilikuta watu wamekaa.

Mabenchi ya kanisani yalikuwa yameshaletwa. Wanaume walikuwa wamewasha moto upande mmoja, wanawake wako kwenye mikeka, khanga viunoni, na sufuria kubwa ziko jikoni nje. Huhitaji kuambiwa. Nilizima gari mbali kidogo, mikono ikawa haitaki kuachia usukani. Nilisema kwa sauti, peke yangu mle ndani: mama amekufa, na mimi nilikuwa nasubiri ng'ombe wapite.

Nilikimbia. Mwanamke wa kwanza kuniona alipiga ukelele, akaliachia beseni la mboga likaanguka. Nikauliza mama yuko wapi. Wote wameshika midomo. Ndipo akatoka mlangoni, hana kilemba, ameshikwa huku na huku na wanawake wawili wa jumuiya. Tukasimama tunaangaliana, kila mmoja akimwona maiti.

"Wewe," alisema. "Ile picha nani alipiga?"

"Mimi, mama."

"Wewe kwa mkono wako?"

"Ndiyo."

Kofi lilinipata shavuni, na kabla sijalishika hilo shavu alikuwa ameshalishika yeye, kwa viganja vyote viwili, ananikandakanda uso kama anatafuta mfupa uliovunjika. Mimi nilikuwa namwita mama, mama, kama mtoto, na sikuona aibu.

Walinionyesha simu yake. Nikaiona picha yangu kwenye kiganja cha mama: lami yenye maji, gari limeegeshwa pembeni, matawi, mlango wa dereva uko wazi, hamna mtu. Imetoka kwenye namba yangu, bila neno. Walikuwa wamenipigia tangu asubuhi, sipatikani. Nikakaa chini, kwa sababu niliziona na zile nyingine zote, za Uyole, za ukungu, za barabara tupu. Wiki zote zile nilikuwa namtumia mama gari lisilo na mtu.

"Ningekwambiaje," alisema. "Jambo kama hilo ukilitaja unaliita."

Watu walianza kucheka mmoja mmoja, kile kicheko cha watu waliokuwa wamelia. Mzee mmoja wa usharika, ambaye alikuwa ameshaanza kuniombea nipumzike kwa amani, alifunga kitabu chake cha tenzi na kuuliza kama sasa aliombee gari. Mama hakumsikia. Alikuwa ameshika kichwa.

"Kaka yako!" alisema. "Ameenda kukutafuta."

Kaka alikuwa ameondoka na pikipiki tangu picha ilipoingia, kuelekea Mafinga, akiuliza kila kituo cha njiani. Huenda tulipishana nikiwa shambani kwenye mahindi, nimepiga goti. Tulimpigia kwa simu ya jirani, hapatikani. Tukampigia tena. Simu yangu ilikuwa imeshapata chaji kidogo ukutani, nikamwandikia kwamba niko salama. Mama akakataa.

"Hataamini maandishi. Siku hizi simu ya mtu inashikwa na yeyote. Na picha yako anaweza kudhani ni ya zamani."

Akainuka. Akatoka uani, watu wote nyuma yake, mpaka barabarani nilipoliacha gari. Alilizunguka akilipapasa ubavuni, mlango kwa mlango. Kisha akafungua ule wa mbele, akaingia, akakaa. Mama alikuwa hajawahi kukaa kwenye gari dogo tangu tumzike baba.

"Piga," aliniambia. "Nionekane. Akiniona mimi humu ndani ataamini."

Nilipiga kwa simu. Jua lilikuwa mbele yangu, linaingia moja kwa moja kwenye lenzi, na sikuwa na muda wa kuhama. Wanawake walikuwa wamelizonga gari, mikono juu ya boneti, mmoja ameshika mwiko. Mama alikaa wima katikati yao, ameng'ang'ania kishikio cha mlango, hatabasamu. Nikaituma. Tukasimama tunaiangalia simu.

Kaka alipiga baada ya muda. Hakusema halo. Nilimsikia akipumua tu, halafu akasema yuko hospitali ya tatu sasa, amesimama mlangoni mwa mochwari, anasubiri mwenye ufunguo.

Mama alininyang'anya simu.

"Toka hapo mlangoni, baba," alimwambia. "Mdogo wako yuko hapa, mzima, nimempiga kofi. Hiyo pikipiki usiiguse, mikono inakutetemeka, naisikia. Kaa chini. Tunakuja kukuchukua."

Alikata simu, akanirudishia. Nilisimama na ufunguo mkononi nikimwangalia. Mama alivuta mkanda wa kiti, akauzungusha, hakujua unachomekwa wapi, nikainama nikamchomekea. Mapigo ya moyo wake niliyasikia kwenye mkono wangu. Nikazunguka, nikaingia upande wa dereva. Alikuwa ameshafumba macho.

"Washa haraka," alisema, "kabla sijashuka."