Mgeni Aliyetandika Kitanda Chake

Siku yangu ya kwanza kazini nilitandika kitanda kimoja mara nane. Msimamizi wa vyumba, mama mrefu mwenye sauti ya chini, alikivuruga kila nilipomaliza. "Pembe," alisema. "Angalia pembe." Pembe ni pale shuka linapokunjwa chini ya godoro, na ikilegea, mgeni ataamka shuka limemzunguka shingoni. Mara ya nane hakukivuruga. Alinipa foronya za mito, akaniambia niende chumba cha pili. Nilikuwa nimeshuka kutoka Dundori, kwenye baridi ya milimani, asubuhi hiyo, viatu vikiwa bado na udongo wa shamba la viazi.

Hoteli ilikuwa ya vyumba kumi na viwili, katikati ya Nakuru, juu ya duka la vitambaa. Mwenye hoteli tulimwita Bi Mkubwa. Wazee wake walitoka pwani, yeye akazaliwa hapa hapa mjini. Wageni wetu walikuwa walimu wa semina, mafundi wa mitambo ya umeme ya Olkaria, na watu wenye mgonjwa hospitalini. Nilianza kwa kufua, nikapandishwa vyumbani, na msimamizi alipostaafu nikashika nafasi yake.

Kisha hoteli kubwa zikajengwa mjini na wageni wetu wakapungua. Bi Mkubwa akaniita ofisini.

"Kuna watu wamekuja kupima," alisema. "Wanataka vyumba viwe maofisi."

"Na sisi?"

"Mombasa kuna hoteli za kifahari kuliko hizi za hapa mjini, zimejipanga ufuoni. Nyuma yake kuna moja ndogo, ya bei ya watu kama sisi, na inajaa mwaka mzima. Nenda ukalale huko siku tatu. Usiwaambie kazi yako. Nataka kujua wana nini."

"Mimi sijawahi kulala hotelini, Bi Mkubwa."

"Ndiyo maana nakutuma wewe."

Niliikuta nyuma ya majumba ya vioo. Bahari ilionekana kidogo tu, ukisimama kwenye ngazi, kati ya kuta mbili. Nilikagua chumba kama askari. Shuka lilikuwa limeshonwa mahali lilipochanika, feni ilikuwa inalia. Sikuona chochote ambacho sisi hatukuwa nacho.

Asubuhi, kwa mazoea, nikatandika kitanda, nikapangusa sinki, nikaenda kutembea ufuoni. Niliporudi nilimkuta mhudumu wa vyumba, Mwanasiti, mama wa rika langu, amesimama mlangoni.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Mgeni akijitandikia, hakupendezwa na mkono wangu."

Nilishindwa kumdanganya. "Hii ndiyo kazi yangu, huko Nakuru. Miaka kumi na minne."

Alikitazama kitanda kwa muda. "Umekitandika vizuri. Lakini kesho niachie."

Kesho yake nilimwachia, na haikuwa rahisi. Nilikaa kwenye kiti cha barazani, sijui mikono niiweke wapi. Mwanasiti akaniletea chai.

"Umelalaje?"

"Vizuri."

"Niambie kweli."

Nikamwambia kwamba mtu wa Dundori hulala chini ya kitu kizito. Bila uzito mwilini, usingizi hauji. Alicheka kidogo, akaenda zake. Jioni nilikuta dirisha la upande wa upepo limefunguliwa, na kitandani, katika joto lile, pana blanketi la sufu.

"Nani ana blanketi Mombasa?" nilimuuliza.

"Mume wangu alifanya kazi bara. Alirudi nalo."

Nililala mpaka jua likapanda.

Niliporudi, Bi Mkubwa aliuliza wana nini. "Wanauliza umelalaje," nilimwambia, "halafu wanangoja jibu." Akasema atatupa mwaka mmoja kabla ya kukubali maofisi.

Mwezi huo alikuja mama kutoka Karagita, mfanyakazi wa mashamba ya maua, mtoto wake amelazwa. Usiku wa tatu ulipopita nilimwona macho mekundu, nikamuuliza. Akasema chumba ni kimya mno. Kwao kila familia hupanga chumba kimoja, ukuta kwa ukuta, na alizoea kusikia majirani. Tukamhamishia chumba kilicho kando ya jikoni, chenye kelele za sufuria, ambacho kila mgeni hukikataa. Alilala mpaka karibu achelewe kwenda kumwona mtoto. Mtoto alipopona, alituletea watu wa kwao, na hao wakaleta wengine. Wale wa kupima hawakuitwa tena.

Nilistaafu magoti yalipokataa ngazi. Vijana wanaosomea kazi hii huniuliza kama inachosha. Inachosha. Na wengi niliowatandikia sikuwahi kuwaona uso. Nilijua tu kwamba huyu hulala upande wa dirisha, yule husoma akiwa kitandani, na mwingine alilia, maana mto ulikuwa umelowa. Nilibadilisha foronya, nikauanika mto juani, nikafungua dirisha, na aliyefuata akakuta chumba kinamngoja yeye.