Kitenge cha Mama Juu ya Bobini

Juzi, kule Mubi, jipu ya zamani ilizimika mbele yangu, na harufu ya esansi, petroli ile, ikanirudisha utotoni, barabara ya Mpofi, ndani ya jipu ya Mama iliyobeba bibi arusi, nayo imezimika njiani.

Mama alichomoa buji, plagi inayowasha injini, akaitazama cheche: ya manjano, dhaifu. Akavua kitenge chake cha juu, akakilowesha kijitoni, akakizungusha kwenye bobini, kile kikopo kinachoipa buji moto.

“Mama, iko na homa?” niliuliza, maana mimi pia alinipoza hivyo.

“Njo vile,” alikubali. “Tungoje ishuke.”

Cheche ilirudi ya buluu, ikilia tak, na kanisani tulifika kwa vigelegele.

Siku hizi najua kwamba joto huidhoofisha bobini. Lakini kule Mubi, dereva alipofungua boneti, nilikuwa nimeshakilowesha kitenge changu.